Mboni nyeupe si husda

Maswali kutoka Faza, Siyu na Amu yamerundikana, na mengi yanauliza lilelile: mboni ya mtoto iking'aa nyeupe, ni husda au jini? Si hilo wala hili. Huenda ni mtoto wa jicho, huenda ni retinoblastoma, saratani ya jicho inayokadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya takriban 17,000 wanaozaliwa Kenya. Wa kuzitofautisha ni daktari wa macho, si muuza matone.

Kila seli ina nakala mbili za jeni ya RB1, katika kromosomu ya 13, zinazoizuia isigawanyike ovyo. Ni jahazi lenye nanga mbili: ikikatika moja, ya pili hushika. Mwaka 1971 Alfred Knudson, kwa kulinganisha tu umri wa wagonjwa na idadi ya vivimbe vyao, alikisia kuwa lazima zikatike zote. Jeni yenyewe ilikuja kupatikana 1986! Mtoto aliyezaliwa na nakala moja iliyoharibika mwili mzima hubakiwa na nanga moja tu, ndiyo maana mara nyingi huugua macho yote mawili, tena mapema. Mwingine hukatikiwa na zote mbili katika seli moja ya retina, akaugua jicho moja. Kijicho cha jirani hakina nafasi hapo.

Uvimbe ukiwa bado ndani, kulitoa jicho huokoa karibu watoto wote. Lakini utafiti wa 2020 katika nchi 153 ulionyesha kuwa katika nchi maskini kabisa ugonjwa hugunduliwa mtoto akiwa na miezi 30 hivi. Katika nchi tajiri, 14. Kwetu hata kumfikia daktari ni safari: kutoka Kizingitini ni boti mpaka Amu, boti tena mpaka Mokowe, basi mpaka Mombasa, kisha Nairobi. Hata baada ya upasuaji, jicho lililotolewa lazima lipimwe maabara: saratani ikiwa imeingia kwenye neva, mtoto anahitaji kemo. Mzazi aliyeishiwa nauli huondoka kabla ya majibu.

Wengine wakisikia "kutoa jicho" hukimbilia kwa mganga anayeahidi kuliponya bila kisu. Miezi inapita, jicho linatokeza nje, uvimbe unafuata neva hadi ubongoni, na mganga ameshalipwa.

Ukiona mng'ao mweupe katika picha ya flashi, au makengeza mapya, nenda Hospitali ya King Fahd, Amu, wiki hii uombe rufaa. Mtoto akithibitishwa kuugua, wadogo zake nao wapimwe.