Godauni likigeuka mkahawa, fundi anaenda wapi?

UZI. Ni mrefu kidogo, shikeni chai. Sheria za ukurasa ni zilezile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukileta kwa majibu nafuta, na hatutakosana.

Kwenye mjadala mmoja hapa kwetu Meru, mgombea alisema lile eneo la magodauni na karakana litageuzwa kuwa "kitovu cha kisasa". Mikahawa, studio za muziki, ofisi za vijana wa kompyuta, taa za barabarani. Ukumbi ukapiga makofi. Mimi pia nilipiga, sitadanganya. Halafu mzee mmoja, fundi wa kuchomelea, akasimama akauliza, "Na sisi je?" Akaambiwa maendeleo hayangoji mtu. Makofi tena.

Hilo swali halikujibiwa, na huulizwa Embu, Nairobi, Johannesburg, kote. Kwa hivyo tulichambue.

Tuanze na Nairobi kwa sababu ndiyo kila mtu huitolea mfano. Reli ilifika pale 1899, viwanda vikakaa karibu na reli, na mpango wa mji wa 1948 wa serikali ya kikoloni ukayapanga mambo hivyo: viwanda huku, Wazungu kule juu kwenye miti, Mwafrika Eastlands karibu na kazi. Industrial Area unayoiona leo ni mtoto wa mpango huo. Na Mukuru nayo imekaa ubavuni mwa viwanda kwa sababu rahisi sana: mtu wa kibarua anaenda kazini kwa miguu. Nauli ikiingia kwa hesabu, kibarua hakilipi.

Sasa tembea Dunga Road. Mwaka 2003 wasanii walichukua godauni lililokuwa gereji ya kutengeneza magari wakaligeuza kituo cha sanaa, GoDown Arts Centre. Wachoraji, wacheza dansi, watu wa muziki, wote chini ya paa moja la mabati. Baadaye, 2013, watu haohao walianzisha tamasha la Nai Ni Who, ambapo wakazi wenyewe ndio huwatembeza watu mtaani kwao. Nataka mkumbuke mfano huu kwa sababu mimi si mtu wa kusema kila godauni libaki na greasi hadi kiama. Hapo hakuna mtaa uliobomolewa ili sanaa iingie. Jengo lilibadilishwa matumizi, majirani wakabaki na kelele zao za mashine.

Shida huanza baadaye, wasanii wakishalifanya eneo lipendeze. Msomi mmoja, Neil Smith, aliieleza mwaka 1979 kwa njia ambayo hata mama mboga anaielewa: angalia kodi ambayo kiwanja kinaleta leo, halafu angalia ambayo kingeleta kikitumiwa vingine. Tofauti kati ya hizo mbili ikiwa kubwa, pesa itakuja tu. Mfano wa kubuni: karakana inalipa 15,000 kwa mwezi, mkahawa wenye balbu za kuning'inia ungelipa 120,000. Mwenye kiwanja si mtu mbaya. Anajua hesabu tu. Ndiyo maana huwa naboeka mjadala ukigeuka kuwa "matajiri wana roho mbaya" dhidi ya "maskini hawapendi maendeleo". Weka malaika kwa hicho kiwanja, baada ya miaka mitatu atapandisha kodi.

Waingereza walilipa jambo hili jina mwaka 1964: mwanasosholojia Ruth Glass, akiitazama London, akaliita jentrifikesheni. Kiswahili hatujapata neno moja. Shosho yangu angesema wageni wamekuja na viti vyao.

Kama unataka kuona sinema nzima, nenda Maboneng, Johannesburg. Eneo la viwanda na maghala yaliyochakaa. Kuanzia 2009 kampuni moja ya ujenzi ikanunua majengo, ikafungua Arts on Main, wikendi watu wa mitaa mingine wakafurika kula na kupiga picha. Magazeti ya nje yakasifu. Lakini jirani kabisa, Jeppestown, watu walikuwa wakifukuzwa kwenye majengo waliyoishi, na 2015 wakaingia barabarani. Kufika 2019 kampuni ile yenyewe ikawekwa chini ya ufilisi na majengo yake yakapigwa mnada. Waliohamishwa hawakurudishiwa vyumba vyao kwa sababu mwekezaji ameanguka. Hii sehemu huwa siisikii kwenye kampeni.

Mji huohuo ndio uliotoa kesi ya Blue Moonlight. Watu walikuwa wakiishi kwenye jengo kuukuu la viwanda pale Berea, mwenye jengo akataka kujenga upya. Mwaka 2011 Mahakama ya Katiba ikasema mwenye mali ana haki ya kupata jengo lake, lakini serikali ya mji lazima iwatafutie mahali pa muda wale ambao wangebaki bila makao. Yaani si "nani anashinda" tu. Ni "nani analipia kuhama".

Turudi nyumbani, na hapa nitakaa kidogo.

Fundi wa jua kali mara nyingi si mpangaji wala si mwenye ardhi. Amekaa kwenye ardhi ya umma na karatasi moja inayoitwa leseni ya muda, wengi huiita TOL. Kwa kawaida leseni hiyo haikuruhusu ujenge cha kudumu, ndiyo maana unaona mabati na mbao miaka 25 baadaye. Halafu mtu anasimama jukwaani anasema "angalieni uchafu huu, hawa hawawezi kujenga hata ukuta." Bana, karatasi ndiyo imemkataza!

Mjomba wangu anachomelea mageti Meru mjini kwa mpango wa aina hiyo. Siku moja alifika asubuhi akakuta X nyekundu kwenye bati lake. Hakuna barua, hakuna mtu wa kuuliza, ni rangi tu. Majirani wakaanza kuuza vifaa kwa bei ya kutupa kwa hofu. X ile bado iko, haikufuatwa na kitu, lakini mtu wa kwanza kuuza mashine yake hajaweza kununua nyingine.

Sasa sheria inasema nini? Sheria ya Ardhi, baada ya marekebisho ya 2016, inataka notisi ya si chini ya miezi 3 kabla ya kumwondoa mtu anayekaa kwenye ardhi bila idhini. Kwa ardhi ya umma notisi iwe kwenye gazeti rasmi la serikali, kwenye gazeti la kawaida na kwenye redio. Soma tena: hata anayeitwa mvamizi. Kopo la rangi si notisi.

Na 2021 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya Mitu-Bell (watu wa kijiji cha Mitumba karibu na Wilson Airport, waliobomolewa 2011), ilikubali kwamba waliokaa kwenye ardhi ya umma wanaweza kudai haki ya makao. Tusichanganye: ile ni kesi ya nyumba, si ya karakana. Mtu akikuambia inamlinda fundi wa mageti moja kwa moja, muulize ameisoma wapi.

Mwaka huohuo wa 2021 matingatinga yaliingia Mukuru kwa Njenga kupisha barabara, maelfu wakalala nje. Na Mukuru ilikuwa imetangazwa eneo maalum la upangaji tangu 2017, wakazi wakishirikishwa. Mpango mzuri ulikuwepo, na bado.

Upande wa pili pia una hoja, na kuuficha ni uongo. Viwanda vingine vikiondoka ni afueni. Waulizeni watu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliowekewa sumu ya risasi na kiwanda cha kuyeyusha betri. Mwaka 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Kwa hivyo mgombea akisema "eneo hili lisafishwe", anaweza kuwa sahihi kabisa. Mimi namuuliza tu: lisafishwe risasi, au lisafishwe watu?

Jambo la mwisho ni ushirikishwaji wa umma, kwa sababu kila mgombea hujificha nyuma yake. Katiba inautaka, sawa. Lakini kikao kikiitwa Jumanne saa nne asubuhi, kwenye hoteli, kwa tangazo la Kiingereza gazetini, nani atakuja? Watakuja wenye viwanja na wanafunzi kama mimi. Fundi ana geti la mteja la kumaliza. Kumbe mambo yako hivi pia: chini ya Sheria ya Upangaji ya 2019, uamuzi wa kaunti kuhusu ombi la ujenzi unaweza kukatiwa rufaa kwa kamati ya maelewano ndani ya siku 14. Kumi na nne. Ukisikia habari kwa kinyozi wiki ya tatu, umechelewa.

Mjadala unaofuata uko Embu. Nimeandika maswali mawili nitakayoyapeleka: wenye leseni za muda wako wangapi kwenye hilo eneo, na kiwanja cha kuwahamishia kiko wapi, kwa namba yake ya usajili. Nikiruhusiwa kushika maikrofoni nitaweka majibu hapa chini. Nisiporuhusiwa pia nitawaambia.