Manju na Wimbo Mgumu

Kaeni karibu na redio, na mwenye karatasi ya somo aifuate kwa kidole. Leo tutazungumza habari za waimbaji.

Ninyi mlio Shinyanga na Geita mnajua mashindano ya ngoma ya Wasukuma. Baada ya mavuno, kati ya Juni na Agosti, Bagika na Bagalu hukutana uwanjani. Makundi mawili hucheza wakati mmoja, kila moja upande wake, na watazamaji ndio waamuzi. Wakikuchoka, huenda kwa mwenzako. Upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda.

Basi manju afanye nini ili watu wasimkimbie? Wengi husema ni dawa. Mimi sibishani nao. Lakini hata mwenye dawa hana budi kuimba.

Wimbo mgumu si ule wa sauti ya juu tu. Ni ule unaogeuka njiani. Manju huweza kuanza kwa kujisifu, akamcheka mpinzani wake, kisha ghafula akamtaja ndugu aliyefariki. Akiimba yote kwa namna moja, kilio kitasikika kama majigambo. Karibu na Geita niliwahi kumwona manju mmoja, mtu mzima, sauti yake imekwisha kukwaruza. Alipofika penye msiba aliinua mkono, ngoma zikanyamaza. Akayatoa maneno yale polepole, kama mtu anayezungumza na jirani. Watu waliokuwa wanaondoka wakageuka. Kijana wa upande wa pili alikuwa na sauti nzuri kuliko yake, lakini alipaza toka mwanzo hata mwisho, na maneno yakazama ndani ya ngoma.

Mambo haya hayako Usukuma peke yake. Huko Marekani, mwaka 1945, ulionyeshwa mchezo wa kuigiza wenye nyimbo uitwao Carousel. Ndani yake mwanamume anaimba peke yake jukwaani kwa dakika 7 hivi. Amepata habari kwamba mkewe ana mimba. Anajigamba juu ya mtoto wa kiume atakayempata. Mara anakumbuka: je, akiwa msichana? Mwimbaji hodari hakimbilii maneno yanayofuata. Hunyamaza kidogo, nasi twamwona akiwaza. Ndipo sauti inalainika, na hofu ya mtu asiye na fedha inaingia.

Manju anao msaada ambao yule hana: waitikiaji. Wao wakipokea wimbo, yeye huvuta pumzi na kuwatazama watu usoni.

Sasa kila mmoja achague wimbo aujuao. Aandike neno lile linalougeuza, na chini yake apige mstari.