Tui la Kwanza, Tui la Pili: Kujifunza Fankisheni Ndani ya Daftari la Jupyter

Jikoni kwetu Pwani kila mtu anajua kwamba nazi moja hutoa matui mawili. Machicha yakikamuliwa mara ya kwanza hutoka tui zito. Ukiyatia maji tena ukakamua, hutoka tui jepesi. Mikono ni ile ile na chujio ni lile lile, ila machicha hayako tena kama yalivyokuwa. Mpishi hulijua hilo bila kufundishwa. Kijana anayeanza kujifunza programu kwenye daftari la Jupyter hulijua baada ya kuhangaika sana, na mara nyingi hakuna aliyemwonya.

Daftari hilo ni ukurasa wa kompyuta uliogawanywa katika visanduku viitwavyo seli. Unaandika mistari michache, unabonyeza Shift pamoja na Enter, jibu linatokea chini yake papo hapo. Mzizi wake ni IPython, kazi aliyoianza Fernando Pérez mwaka 2001 akiwa mwanafunzi wa uzamivu Colorado, Marekani. Mwaka 2014 ndipo jina la Jupyter lilipozaliwa, likibeba ndani yake majina ya lugha tatu za programu: Julia, Python na R. Kwa anayeanza, sijaona chombo kinachofaa kuliko hiki. Mtu anakosea mstari mmoja, anauona, anaurekebisha, anaendelea.

Somo linalowakwamisha wengi ni fankisheni, yaani kazi inayoandikwa mara moja, ikapewa jina, na kuitwa kila inapohitajika. Tumchukulie mkulima wa korosho wa Chole, wilayani Kisarawe, anayeuza kupitia chama cha msingi. Kila mzigo una kilo zake, bei ya siku ile, na makato kwa kila kilo. Badala ya kurudia hesabu hiyo kwa kila mkulima, tunaiandika mara moja kwa Python:

def malipo(kilo, bei, makato):
    return kilo * bei - kilo * makato

Ukiendesha seli hii, hakuna kinachotokea, na hapo wanafunzi wengi hudhani kompyuta imegoma. Haijagoma. Umeifundisha kukamua, bado hujaipa nazi. Andika malipo(100, 2000, 150), kwa bei na makato ya kubuni, na jibu litakuwa 185000. Kuiandika fankisheni na kuiita ni mambo mawili. Wazo hili la kuandika kazi mara moja na kuiita kila inapohitajika lilipata umbo lake kwenye kompyuta ya EDSAC huko Cambridge, Uingereza, iliyoanza kufanya kazi mwaka 1949. Aliyebuni namna ya mashine kuruka kwenda kwenye kazi hiyo na kurejea pale ilipoitwa ni David Wheeler, naye wakati huo alikuwa bado mwanafunzi.

Sasa badilisha neno return uweke print na mabano yake. Daftari litaonesha 185000 vile vile. Mwanafunzi ataapa kwamba maneno hayo mawili ni kitu kimoja, na kwa alichokiona ana haki ya kuapa. Lakini ajaribu kujumlisha malipo ya wakulima wawili: kosa linatokea, kwa kuwa print ilimwonesha tu. Ni kama kuoneshwa bakuli la tui dirishani huku chungu kikibaki kikavu. Anayetazama vizuri ataona kwamba jibu lililorudishwa huwa na namba ndani ya mabano pembeni, na lililooneshwa tu halina. Alama hiyo ndogo ingestahili dakika kumi za kipindi.

Hapa lugha ina nguvu yake. Mtoto wa Kisarawe husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akifika sekondari hesabu hiyo hiyo inamjia kwa Kiingereza. Katika Nuru, lugha ya programu yenye maneno ya Kiswahili, fankisheni huandikwa kwa neno unda, na jibu hutoka kwa neno rudisha. Kuonesha huwa ni andika. Hakuna Mswahili atakayechanganya kurudisha na kuandika. Hata anayefundisha Python angeanza kwa maneno hayo ubaoni.

Turudi kwenye machicha. Seli yenye mstari kilo = kilo + 50 ukiiendesha mara mbili, kilo zimeongezeka mia, ingawa ukurasa unaonesha hamsini. Baya zaidi ni fankisheni iliyosahau kuomba bei, ikawa inaichukua kutoka seli ya juu uliyokwisha kuifuta. Leo inafanya kazi kwa sababu kompyuta bado inaikumbuka bei ile. Kesho ukifungua daftari upya, inakwama. Wataalamu nao huanguka hapa. Utafiti wa João Felipe Pimentel na wenzake wa mwaka 2019 ulikusanya madaftari milioni 1.4 kutoka GitHub, hifadhi ya programu mtandaoni. Katika yale yaliyoendeshwa upya, takriban 24 tu kati ya kila 100 yalifika mwisho bila kosa, na 4 tu yalitoa majibu yale yale.

Fankisheni iliyoandikwa vizuri ndiyo dawa, kwa sababu kila inachohitaji imekiomba mlangoni: kilo, bei, makato. Ukiiita mara mia kwa vitu vile vile, inatoa tui la kwanza mara mia.

Jupyter haidai intaneti ikishawekwa kwenye kompyuta, kwa hiyo hata shule isiyo na bando inaweza kuitumia. Mwalimu, ninakuomba jambo moja. Kabla ya kupokea zoezi la fankisheni, mwambie mwanafunzi aanzishe daftari upya na aendeshe seli zote kutoka juu hadi chini, mbele yako. Likikwama, mrudishie.