Kupanda Maua ya Nyika kwa Pingili

Katika Ugogo ni wachache wasioijua kazi ya mnyaa. Mtu atakaye kuzungusha ua wa zizi hatafuti mbegu wala hanunui miche. Hukata matawi, huyalaza chini kivulini siku kadha wa kadha, kisha huyachomeka ardhini safu kwa safu; mvua zikinyesha hutoa mizizi, na baada ya miaka michache mbuzi hapiti. Wamasai huuita mti huo emanyara, na husemwa kwamba ziwa Manyara lilipata jina lake kwake.

Lakini mtu huyo huyo akipewa na jirani tawi la ua zuri, tawi nene lenye maji ndani yake kama mnyaa, husahau yote aliyoyajua zizini. Hulitia siku ile ile katika kopo la udongo mweusi, hulimwagia maji asubuhi na jioni kwa huruma, na baada ya siku 10 hulikuta limelegea na kunuka. Ndipo asemapo kwamba mkono wake haufai kwa maua. Mkono hauna kosa lolote. Tawi limekufa kwa maji.

Mimea tunayoitaka kuieleza katika mazungumzo haya ni ile inayoweka akiba ya maji katika shina au majani, nayo huchanua maua mazuri hata ikikaa katika kopo dirishani au barazani. Tutataja mitatu. Wa kwanza ni kalankoe, wenye majani manene ya kung'aa na maua madogo mengi mekundu, ya manjano au ya waridi. Asili ya ule unaouzwa sana ni kisiwa cha Bukini, yaani Madagaska, na mwaka 1932 Robert Blossfeld wa Potsdam katika Ujerumani aliuingiza katika biashara ya maua. Wa pili pia ni wa Bukini, nao ni ule mti mdogo wa miiba ambao Wazungu waliufananisha na taji la miiba alilovikwa Bwana Yesu. Wa tatu ni adeniamu, au waridi la jangwani, mzaliwa wa nyika za Afrika ya Mashariki na Uarabuni. Jina lake limetokana na Aden.

Kwa watu wa Makutupora mimea hii ina maana ya pekee. Visima virefu vya hapa vimeunywesha mji wa Dodoma kwa miaka mingi, hata mgeni hudhani kwamba maji hayana mwisho. Mwaka 2013 wataalamu walichapisha hesabu ya kina cha maji ya visima hivyo kwa muda wa miaka 55. Waliona kwamba maji yaliyo chini ya ardhi hayaongezeki sawasawa kila mwaka. Huongezeka hasa katika ile miaka michache ya mvua kubwa mno, kama ile ya 1997 na 1998, na katikati hupungua. Basi katika nchi ipatayo mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, nayo karibu yote kati ya Desemba na Aprili, mama abebaye ndoo kichwani hana maji ya kugawia bustani ya mawaridi ya Kizungu. Lakini kikombe kimoja cha maji kwa juma, naam, anacho.

Yatupasa kwanza kuondoa fundisho moja lililo jema mahali pake. Watu wengi wa hapa wamejifunza kupanda mzabibu, maana Makutupora pana kituo cha utafiti wa zabibu, nao wajua kwamba pingili ya mzabibu haiachwi ikauke. Hufunikwa kwa gunia bichi, hupandwa upesi, na udongo wake hutunzwa uwe na unyevu. Hayo ni kweli kabisa kwa mzabibu, kwa kuwa kijiti chake hakina akiba: kikikauka, kimekufa. Mmea mnene ni kinyume chake. Una maji yake mwenyewe ya kuutosha majuma kadha bila mizizi. Haufi upesi kwa kiu. Adui wake ni kidonda kibichi. Mahali ulipokatwa pana maji na sukari, na udongo wenye unyevu umejaa ukungu na vijidudu vinavyopenda vitu hivyo. Ukiuchomeka mara baada ya kuukata umeufungulia adui mlango. Ukiuacha kivulini penye hewa, chembe zilizo karibu na kidonda hujenga ngozi ngumu, mfano wa gamba juu ya jeraha la mtu, na mlango hufungwa. Mizizi hutoka baadaye penye ngozi hiyo au karibu nayo.

Pengine mwanafunzi atauliza, mmea huu hupataje kuishi kwa maji machache namna hiyo? Mimea mingi hufungua vitundu vya majani yake mchana ili ivute hewa ya kutengenezea chakula, na kwa vitundu hivyo hivyo maji hutoka. Kalankoe na jamaa zake hufunga vitundu mchana, huvifungua usiku penye baridi, na hewa waliyoivuta huiweka katika hali ya asidi mpaka jua litoke. Bwana mmoja, Benjamin Heyne, alipokuwa India aliliona jambo hili kwa ulimi wake: jani la kalankoe ya namna moja lilikuwa chachu asubuhi, na adhuhuri halina ladha. Barua yake ilichapishwa London mwaka 1815. Watoto wasimfuate kwa kuonja, maana kalankoe ina sumu ya moyo, na ng'ombe au mbuzi akiila nyingi hufa. Kopo liwekwe mahali ambapo mbuzi hafiki.

Sasa tuingie kazini. Wakati mwema hapa kwetu ni Septemba na Oktoba. Maua ya kalankoe yamekwisha, baridi ya Juni na Julai imepita, na hewa bado ni kavu. Anayengoja mvua kama anayepanda mtama atapata uozo mwingi. Chagua tawi lisilo na ua wala kichwa cha ua, maana tawi lenye ua hutumia nguvu zake kuchanua. Liwe na urefu wa sentimita 7 hadi 10. Kisu kiwe kikali, kioshwe kwa maji ya moto. Kisu butu husaga shina badala ya kulikata. Kata chini kidogo ya kifundo, yaani mahali jani lilipoota, kwa kuwa mizizi hupenda kutokea hapo. Ng'oa majani ya chini, yabaki manne au sita ya juu. Kisha lilaze juu ya karatasi kivulini, siku mbili zatosha, mpaka penye kidonda pawe pakavu ukipagusa kwa kidole.

Mchanga uchukuliwe korongoni, mchanga mnene, si ule laini kama unga. Mahali penye weupe wa chumvi juu ya ardhi usichote. Uoshe mara mbili au tatu mpaka maji yatoke safi. Kopo litobolewe chini kwa msumari mahali panne au patano, na chini kabisa uweke kokoto chache. Wako watu wanaoliacha kopo bila tundu ili maji yasipotee. Hao wanapika uji, hawapandi ua. Kwa kuotesha, mchanga mtupu wafaa, au uchanganye mafungu matatu ya mchanga na fungu moja la samadi ya zamani iliyooza hata haina harufu. Samadi mbichi huchoma.

Chomeka tawi kina cha sentimita 3 tu. Kama haliwezi kusimama, liegemeze kwa kijiti. Usilizamishe zaidi kwa ajili ya kulisimamisha, maana sehemu yote iliyo chini ya mchanga yaweza kuoza. Liweke upenuni, mahali penye mwanga mwingi lakini jua la adhuhuri halipigi. Siku tatu za kwanza usitie maji kabisa. Baadaye tia kidogo, ungoje mchanga ukauke mpaka kina cha kidole ndipo utie tena. Majani yakinyauka kidogo usiogope. Yanatoa akiba yake. Baada ya majuma mawili au matatu livute taratibu kwa vidole viwili. Likishikilia, limetoa mizizi. Lisiposhikilia, liache, wala usilichomoe kila siku kulitazama, kama wafanyavyo wanafunzi.

Na lisichomekwe kichwa chini. Jambo hili laonekana dogo, lakini kijiti kisicho na majani chaweza kumdanganya mtu hata asijue upande upi ulikuwa juu. Katika miaka ya 1930 wataalamu, miongoni mwao Kenneth Thimann na Frits Went, walionyesha kwamba mmea hutengeneza katika ncha zake dawa iitwayo oksini, ambayo hushuka kuelekea chini na kukusanyika penye mkato, nayo ndiyo huamsha mizizi. Mkondo huo haugeuki kwa sababu mtu amekigeuza kijiti. Sisi huwaambia wanafunzi wakate upande wa chini mshazari na wa juu sawasawa, wasipate kusahau.

Taji la miiba hupandwa kwa njia ile ile, ila hukaushwa siku tano hadi saba, na mizizi yake hukawia majuma manne au sita. Hapa twataka wasomaji wasimame kidogo. Mti huu, kama mnyaa ulio ndugu yake, una utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu huo ukiingia jichoni huleta maumivu makali na uvimbe, na asiyetibiwa aweza kupata kovu la kudumu katika kioo cha jicho. Mtoto anayecheza vita kwa matawi ya minyaa yumo katika hatari hii kila siku, na wazazi wengi wanaiona kuwa michezo tu. Kwa hiyo akataye asikate juu ya kichwa chake, wala asifute uso kwa mkono wake mpaka amenawa kwa sabuni na maji mengi. Ncha iliyokatwa itiwe katika maji ya vuguvugu dakika chache mpaka utomvu uache kutoka, na maji hayo yamwagwe mbali.

Ikiwa jicho limekwisha kuingiwa, lisisuguliwe. Lioshwe kwa maji safi yatiririkayo muda wa robo saa au zaidi, kope zikiwa zimefunuliwa, kisha mgonjwa apelekwe zahanati siku ile ile, hata kama maumivu yamepungua, maana utomvu huu una desturi ya kuzidi ukali baada ya saa kadhaa. Maziwa ya mama, maji ya majani na dawa nyingine za nyumbani zisitiwe jichoni. Hapo hatuna budi kusema kwa nguvu, kwa sababu ua la kopo laweza kupatikana tena.

Pingili si za kuongeza mimea tu. Mara nyingine ni za kuokoa. Ukiona shina limekuwa laini na jeusi karibu na udongo, usingoje. Mizizi haitapona. Kata juu ya mahali palipooza, tazama ndani: kama pana doa au mstari wa rangi ya kahawia, kata tena juu zaidi, ukisafisha kisu kila mara, mpaka uone nyama safi pande zote. Kipande kilichobaki kikaushe siku nyingi kuliko kawaida, ukipande katika mchanga mpya. Mchanga wa zamani utupe. Mmea utokao kwa pingili ni ule ule wa kwanza, rangi kwa rangi, tofauti na mbegu ambayo huleta rangi isiyotazamiwa. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hurithi maradhi pia, na wale wadudu weupe mfano wa unga wakaao kwapani mwa majani husafiri pamoja na tawi. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kabla ya kupanda.

Kazi hii ndogo ya kopo imekuwa biashara kubwa. Kutoka Arusha, Kenya na Uganda mashamba hukata pingili za maua zisizo na mizizi bado, huzifunga katika maboksi, na ndege huzipeleka Ulaya zikaoteshwe huko. Baridi ya Ulaya hugharimu moto. Jua letu halina bei.

Wengine hulalamika kwamba kalankoe yao imeota vizuri ila haichanui mwaka wa pili. Mara nyingi taa ndiyo iliyokosesha. Mmea huu huhesabu usiku, na huhitaji majuma kadhaa ya giza refu lisilokatizwa ili ufanye maua. Ukikaa chumba ambamo taa huwaka mpaka saa nne, hudhani kuwa usiku haujaja. Uhamishie barazani tangu Mei, au uufunike kwa ndoo kuanzia saa kumi na moja jioni hata saa moja asubuhi.

Adeniamu tumeiacha mwisho kwa kuwa ina shauri lake. Utomvu wake ni sumu iliyotumiwa na wawindaji katika mishale, basi tahadhari zote za hapo juu zashika. Pingili ya sentimita 15 hadi 20, iliyokaushwa juma zima na kupandwa wakati wa joto, hutoa mizizi na huchanua mapema. Lakini lile shina nono lenye umbo la mtungi, ambalo ndilo watu hulipendea, kwa kawaida haliji sawasawa kwa pingili. Huja kwa mbegu. Atakaye mtungi na angojee maganda mawili marefu, mfano wa pembe, yaanze kubadilika rangi, ayafunge kwa uzi, maana kila mbegu ina manyoya katika ncha zote mbili, na ganda likipasuka upepo wa Dodoma hauachi hata moja.