Komwe Mbili za Baba, Komwe Mbili za Mama

Tuseme ni Mute, kijiji cha wilaya ya Palma, kaskazini mwa pwani ya Cabo Delgado. Mama amejifungua mtoto wa tatu. Wawili wa kwanza ni weusi kama wazazi wao. Huyu ngozi yake ni nyeupe, nywele zina rangi ya majani makavu, na macho yanachezacheza yakiukimbia mwanga. Arubaini haijatimia, maneno yameshafika barazani: hapa pamepita mzungu. Wengine wanasema ni jini. Baba amenyamaza, na kimya chake chote kinamwelemea mkewe.

Familia hii nimeibuni ili nisimnyooshee mtu kidole. Maneno yenyewe sikuyabuni. Ukivuka Ruvuma ukaingia Mtwara na Lindi utayakuta vilevile. Ni uongo, na uongo huu huvunja ndoa. Mtoto aliyekimbiwa na baba amepungukiwa na mlinzi, nchini Msumbiji, ambako mwaka 2016 mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa, Ikponwosa Ero, alifika kuangalia hali ya watu wenye ualbino baada ya wenzao kutekwa na kuuawa.

Basi tafuta komwe nne, zile kete za bao. Mbili mpe baba, mbili mama. Katika kila jozi, komwe moja ipake chokaa. Kila mzazi atie zake mfukoni, kisha bila kuangalia atoe moja na kuiweka mkekani. Komwe mbili zilizokutana pale ndizo mtoto.

Komwe hapa ni jeni, yaani maelekezo ya mwili ya kutengeneza melanini, rangi inayoipa ngozi weusi wake. Kila mtu ana nakala mbili za maelekezo hayo, moja ya baba, moja ya mama. Yenye chokaa ni nakala mbovu. Aliye na moja nzima na moja mbovu hutengeneza melanini ya kumtosha. Ngozi yake haina tofauti na ya jirani, wala hajui kama amebeba kitu. Huyo tunamwita mbebaji. Chokaa ikikutana na chokaa, hapo ndipo anapozaliwa mtoto mwenye ualbino.

Jaribu mara nyingi, utaona matokeo ni manne: zote safi, chokaa ya baba na safi ya mama, safi ya baba na chokaa ya mama, chokaa zote mbili. Kwa hiyo wazazi wawili wabebaji wana nafasi moja kati ya nne katika kila mimba. Gregor Mendel aliuona uwiano huu kwenye njegere, akauchapisha mwaka 1866: punje laini 5,474, zenye makunyanzi 1,850.

Sasa utazame tena ule mkeka. Chokaa mbili hazifiki pale bila mkono wa baba. Tena mtoto wa mzungu na mama mweusi huzaliwa chotara, maji ya kunde, hazaliwi hivi. Kwa Wamakonde na Wamakua mtoto huhesabiwa ukoo wa mama, na lawama nazo hufuata njia hiyo hiyo. Jeni haifuati. Nusu kwa nusu, kila mara.

Wengi hukosea hesabu mahali pamoja: akizaliwa mmoja, wanasema watatu wanaofuata wamesalimika. Hapana. Kila mimba ikishapita, komwe hurudi mfukoni na kuanza upya. Ukichukua ndoa mia za wabebaji kwa wabebaji, kila moja ikiwa na watoto wanne, kiasi cha 32 hazitapata hata mtoto mmoja mwenye ualbino. Ndiyo maana sifa hii hupita kimyakimya kwa babu, kwa baba, kwa mjukuu, mpaka watu wasahau kuwa imo.

Na imo tangu zamani. Miaka ya 1990 wachunguzi walikuta kwamba watu wengi wenye ualbino nchini Tanzania wana kasoro ile ile moja: kipande cha herufi 2,700 hivi kimekatika katika jeni iitwayo OCA2. Kipande hicho hicho kimekatika kwa watu wenye ualbino wa Afrika Kusini, Zambia na Kameruni. Wataalamu wanaamini kasoro hiyo ilianzia kwa mhenga mmoja, kabla Wabantu hawajatawanyika. Kwa Tanzania, kisio linalotajwa sana ni mtu mmoja mwenye ualbino kwa kila 1,400. Ukipiga hesabu kutoka hapo, mbebaji ni mmoja kati ya watu 19 hivi. Jahazi likipakia abiria 40, wawili wanayo.

Je, kaka wa yule mtoto akitaka kuoa? Kwa kuwa yeye hana ualbino, amebakiwa na matokeo matatu, na mawili kati yake ni ya ubebaji: theluthi mbili. Akioa asiye ndugu, nafasi ya kupata mtoto mwenye ualbino ni moja kati ya 114 hivi. Akimwoa binti wa ami yake, inapanda mpaka moja kati ya 24. Simkatazi mtu kuoa kwao. Nasema aijue hesabu kabla ya posa.

Hesabu hiyo inataka kumbukumbu, na vita vilivyoanza Oktoba 2017 vimezitawanya. Palma iliposhambuliwa Machi 2021, watu walikimbilia kila upande. Bibi anayekumbuka kwamba shangazi yake alizaa mtoto wa namna hii huenda leo yuko mjini Pemba au Nampula. Mpigieni simu, mmuulize. Ugonjwa wa selimundu nao hurithiwa kwa njia hii hii ya komwe, ingawa jeni yake ni nyingine, na kwa ugonjwa huo kipimo cha damu humtambua mbebaji kabla ya ndoa.

Mtoto mwenyewe anataka mambo yanayoonekana madogo: kofia pana, mikono mirefu, mafuta ya kukinga jua, dawati la mbele karibu na ubao. Jua la pwani hii bila kinga humletea saratani ya ngozi mapema.

Atakua, naye ataoa. Akimpata mwenzake mwenye kasoro ile ile, watoto wao wote watakuwa na ualbino, kwa sababu mifukoni mwao hamna komwe safi. Lakini upo ualbino mwingine, wa ngozi ya rangi ya shaba, unaotoka kwenye jeni tofauti kabisa. Akioa wa namna hiyo, komwe zao ni za mabao mawili, na kila mmoja anamletea mwenzake nakala nzima anayoikosa. Atazaliwa mtoto mweusi. Baraza litasema tena, safari hii kwamba mtoto si wa baba. Ni wake, na ni wa mama yake.