Kusoma kwa Pamoja: Yale Tusiyoyasema Kliniki



Huenda mkashangaa kuona ukurasa wa afya mwezi huu unazungumzia riwaya. Sisi wauguzi tunalijua jambo moja la kliniki: mama huingia, husema anaumwa kichwa, hupewa dawa, na akifika mlangoni ndipo hugeuka na kutaja lililomleta. Wengi hawageuki. Katika kikundi chetu cha kusoma hapa Kariakoo tumewasikia watu wa namna hiyohiyo wakisema mambo yao bila kusukumwa, kwa kuwa waliyaanza kwa kumsema mtu wa kitabuni.

Kikundi chenyewe ni kidogo: wauguzi, mafundi cherehani, akina mama wauza vitenge, wazee kadhaa wa Jumuiya Ndogo Ndogo na majirani zetu Waislamu. Tunakutana Jumapili alasiri, mitaa inapopumua kidogo. Tulijiwekea orodha ya riwaya zinazotajwa kila yanapozungumzwa maandishi makubwa ya Kiswahili: "Kusadikika" ya Shaaban Robert (1951), "Rosa Mistika" ya Euphrase Kezilahabi (1971), kitabu cha mzee Aniceti Kitereza kuhusu Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka (1980), "Utengano" ya Said Ahmed Mohamed (1980) na "Vuta n'kuvute" ya Adam Shafi (1999). Nakala hazitoshi, hivyo mmoja husoma kwa sauti na wengine husikiliza. Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa mwaka 1967, si mbali kwa miguu, na vingine tumevipata kwenye meza za vitabu vilivyotumika.

Wazee wetu hawakuuona utaratibu huu kuwa mgeni. Mwaka 1973 kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi nchini kote. Walisikiliza redio, wakasomewa vijitabu juu ya malaria, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo.

Kabla ya yote tulikutana na shida ya macho. Baadhi ya wenzetu walianza kutoroka zamu zao za kusoma, wakidai kitabu kinawaletea usingizi. Kumbe hawaoni herufi! Mtu akifikia miaka 40 hivi, lenzi ya jicho hupoteza ulaini wake, naye huanza kushika kitabu mbali na uso. Hilo ni la umri, na miwani ya kusomea hulimaliza. Miwani inayouzwa na wamachinga Mtaa wa Kongo huwafaa wengi, ila vioo vyake vina nguvu sawa pande zote mbili, na macho ya mtu mara nyingi hayalingani. Tena muuzaji hawezi kuiona presha ya macho, ambayo huharibu uwezo wa kuona taratibu bila maumivu yoyote, wala madhara ya kisukari. Pimeni kwanza hospitali, ndipo mnunue.

Kitabu kilichotuweka muda mrefu kuliko vyote ni cha mzee Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896, akasoma kwa wamisionari kwao Ukerewe, akakiandika kwa Kikerewe na kukimaliza mwaka 1945. Miaka ilipita bila mchapishaji. Ikabidi akigeuze mwenyewe kwa Kiswahili, na Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980. Yeye alifariki mwaka uliofuata. Yeye na mkewe hawakubakiwa na mtoto hata mmoja. Habari anayoisimulia ni ya mume na mke wanaopendana lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga Bugonoka hata wazazi wake wanakuja kumchukua, na Myombekere analazimika kwenda ukweni kumwomba na kutozwa faini ya pombe ya ndizi.

Tulipofika hapo mama mmoja, ambaye ameturuhusu kuyaandika haya bila jina lake, aliuliza kwa hasira: "Mbona wanamsimanga Bugonoka peke yake?" Kikundi kilinyamaza. Kisha akaeleza kwamba yeye mwenyewe amesimangwa miaka tisa, ametumia mitishamba ya kila namna, na mumewe hajawahi kupimwa.

Wazazi wenzetu, hasa akina mama wakwe, hili tulisikilize vizuri. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2023 kwamba karibu mtu 1 kati ya 6 hupatwa na tatizo la kukosa uzazi wakati fulani maishani. Katika karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hili, mwanamume ana sehemu yake, ama peke yake au pamoja na mkewe. Vipimo vya mume ni vyepesi kuliko vya mke. Kinachokosekana ni mume kukubali kuja. Mwaka mmoja ukipita bila mimba, au miezi sita ikiwa mke amezidi miaka 35, njooni wote wawili siku moja. Kwa upande wa akina mama, mara nyingi mirija imeziba kwa sababu ya kisonono au klamidia isiyotibiwa, au maambukizi baada ya kujifungua au kuharibika mimba. Mitishamba haizibui mirija.

Yule mama na mumewe walikuja hospitali pamoja. Majibu yao ni yao.

"Rosa Mistika" ilizua mabishano. Baadhi ya akina mama walitaka tuiruke, wakikumbusha kwamba iliwahi kupigwa marufuku shuleni. Tuliisoma, nasi tunaona tulifanya vema. Kezilahabi, naye mtu wa Ukerewe, aliyefariki Januari 2020, anamwonyesha baba, Zakaria, mlevi anayedhani kipigo kitamlinda binti yake. Rosa anafika ugenini bila kujua lolote juu ya wanaume. Anatoa mimba, na mwishowe anajiua. Jirani yetu mmoja Mwislamu alisema Maimuna wa "Utengano", aliyefungiwa ndani na baba yake, ni ndugu wa Rosa. Akina baba siku hiyo waliinamisha vichwa.

Fundisho la Kanisa mnalijua: uhai ni wa kulindwa tangu mimba inapotungwa. Lakini binti akiwa anavuja damu nyingi, ana homa, maumivu makali ya tumbo au uchafu wenye harufu mbaya, aletwe hospitali saa hiyohiyo, hata usiku. Tunamtibu kwanza. Tumewaona walioletwa siku ya nne kwa sababu nyumbani walikuwa wakificha aibu. Na mjamzito aliye shuleni ajue kwamba tangu Novemba 2021 Serikali inaruhusu arudi masomoni baada ya kujifungua. Kwa wengine habari hiyo peke yake imetosha kuwatuliza.

Kuhusu kujiua, watu wengi huogopa kuuliza wakidhani watamtia mtu wazo. Sivyo. Ukimwona kijana amejitenga, hali, halali, anagawa vitu vyake au anasema heri asingekuwepo, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Usimkemee. Ondoa sumu ya panya na dawa zilizorundikwa kabatini, usimwache peke yake, na mlete.

Sasa tunasoma "Vuta n'kuvute", ambayo vijana wanaijua kwa filamu yake ya mwaka 2021. Yasmin ameozwa akiwa binti mdogo kwa mwanamume wa makamo ya baba yake, na tayari bibi mmoja kikundini amesema, "Mimi niliozwa hivyohivyo." Jumapili ijayo tutamsikiliza yeye kwanza, kitabu baadaye.