Stika, maka pen au printa: ipi inafaa kwa DVD zako?

Kama una DVD hamsini za harusi au za kwaya mezani, na mwenye shughuli anazitaka wiki hii, usikimbilie stika za karatasi. Dukani ndizo zinazoonekana rahisi, lakini gharama yake huja baadaye.

Nimeshailipa gharama hiyo. Harusi ya mdogo wangu, Tanga, tuligawa DVD arobaini kwa wazee na wanakamati. Tulichapa picha ya bwana na bibi harusi kwenye stika za duara, tukabandika kwa mkono hadi usiku wa manane, zikapendeza kweli. Mwezi haujaisha, shangazi akapiga simu: "Mwanangu, ile DVD ya harusi imeingia kwenye redio ya gari, haitaki kutoka." Gari lilikuwa limeshinda juani. Gundi ilikuwa imelegea, ukingo wa stika ukanyanyuka kama kucha na kunasa ndani ya mdomo wa redio. Fundi alifungua dashibodi, akaitoa redio nzima, akaifungua skrubu moja moja mpaka akaifikia diski. Malipo yake yalizidi bei ya stika zote arobaini.

Sababu haina siri. Diski ina unene wa milimita 1.2 tu, na ndani ya deki inazunguka mamia ya mara kwa dakika, wakati mwingine zaidi ya elfu. Ndani ya kompyuta inaweza kwenda kasi zaidi ya hapo. Ukibandika karatasi ikakaa upande hata kidogo, uzito hauko sawa tena na diski inatetemeka. DVD huumia zaidi, kwa sababu taarifa zake ni ndogo na zimebanana, na jicho la deki linapata shida kuzifuata diski ikiyumba au ikipinda kidogo. Kwa sisi tunaokaa pwani ongeza unyevunyevu: karatasi inavimba na kusinyaa, gundi nayo inavuta diski.

Ukishaibandika, usijaribu kuibandua. Kwenye CD, tabaka lenye muziki liko juu kabisa, chini ya rangi nyembamba ya kinga. Stika ikitoka, inatoka na wimbo. Kwenye DVD taarifa ziko katikati, kati ya vipande viwili vya plastiki, kwa hiyo ina kinga zaidi, lakini gundi inayobaki nusu inaharibu ule usawa wa uzito tuliousema.

Halafu kuna bei yenyewe ya stika. Karatasi ya A4 kwa kawaida ina stika mbili tu. Printa ikivuta vibaya, umepoteza zote mbili pamoja na wino. Ukiirudisha karatasi iliyokwisha kubanduliwa stika moja, ya pili inaweza kubanduka ndani ya printa. Na ole wako upeleke stika za printa ya wino kwenye printa ya leza: leza hukausha kwa joto kali, na gundi isiyotengenezwa kwa joto hilo huyeyuka na kuganda kwenye rola. Hapo unaongelea kubadilisha kipuri. Kwa hiyo hata stika ikiuzwa nusu bei, mimi siinunui.

Njia ya bei ndogo kuliko zote ni kalamu. Maka pen moja inaandika diski mia na zaidi, na kwa diski ambazo ni za kumbukumbu yako mwenyewe, picha za familia au nakala ya kazi ya ofisi, huhitaji kingine. Chagua tu kalamu ya wino wa maji. Zile zenye harufu kali inayopanda kichwani zina kemikali inayoweza kupenya rangi ya kinga ya CD polepole. Mwaka 2003 taasisi ya viwango na teknolojia ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo wa kutunza CD na DVD, na humo inashauri kalamu isiyo na kemikali hizo na inakataza stika kwenye diski unayotaka ikae miaka mingi. Mahali salama zaidi pa kuandika ni ule mduara usio na rangi karibu na tundu la katikati, maana hapo hakuna taarifa yoyote. Panatosha jina na tarehe. Usitumie kalamu ya risasi wala bolipeni, ncha yake inakwaruza.

Lakini bibi harusi hatakubali DVD iliyoandikwa kwa mkono, na kwaya inayotaka kuuza albamu nayo haitakubali. Kwao kuna diski zenye uso mweupe wa kuchapia. Hizi ndizo ninazozipendekeza.

Diski hizo zina tabaka linalokunywa wino, na picha inachapwa moja kwa moja juu yake bila karatasi wala gundi. Bei yake inazidi kidogo ile ya diski ya kawaida, lakini ukitoa bei ya stika unayoikwepa, tofauti hiyo haiumi. Nunua boksi la mviringo la diski 50 au 100, si moja moja kwenye kasha, maana kwa moja moja unalipia plastiki.

Angalia mambo mawili kabla hujatoa hela. La kwanza, si kila diski nyeupe ni ya kuchapia kwa wino. Nyingine zimepakwa rangi nyeupe tu, au zimetengenezwa kwa mashine za joto za viwandani, na wino wa printa ya nyumbani ukimwagika juu yake utateleza kama maji kwenye jani la mgomba. Soma boksi. Kama maandishi hayaeleweki, lowesha ncha ya kidole uguse ukingo wa ndani: uso wa kunywa wino unashika kidole kidogo, uso wa rangi unateleza. La pili, upana wa eneo jeupe. Baadhi zinachapika kuanzia karibu na tundu, kipenyo cha milimita 22 hadi 118, nyingine zinaacha pete kubwa katikati. Za kwanza zinapendeza zaidi. Kama muundo wako ni majina na tarehe tu, za pili zinatosha.

Sasa nani atachapa? Hapa ndipo watu wanapopoteza fedha, kwa hiyo twende taratibu.

Printa inayoweza kuchapa diski si printa yoyote. Lazima iwe ya wino na iwe na trei maalumu ya plastiki yenye duara la kulazia diski. Printa nyingi za nyumbani hazina, na leza za kawaida za ofisini hazifanyi kazi hii. Zile za tangi, zinazojazwa wino wa chupa, ni ghali kununua lakini wino wake ni nafuu sana. Zile za katriji ni rahisi kununua, na ndizo zinazokumaliza: katriji zinazokuja ndani ya boksi mara nyingi zina wino pungufu, na seti mpya ya katriji inaweza kukaribia bei ya printa yenyewe. Kama unachapa diski kwa wingi, za katriji achana nazo.

Piga hesabu kwa namba za mfano, kisha uweke bei za duka la kwako. Tuseme printa ya tangi yenye trei ni shilingi 1,200,000. Mchapaji wa mtaani anatoza 1,000 kwa uso mmoja. Nyumbani wino unakugharimu 200. Kila diski unaokoa 800. Ukigawa, unahitaji diski 1,500 kabla printa haijarudisha hela yake. Mpiga video anayetoa DVD 30 kwa harusi, harusi mbili kwa mwezi, atafika hapo baada ya miezi 25. Kwaya yenye albamu moja ya nakala 60 haitafika. Iwe na adabu na mfuko wa wanakwaya, ipeleke diski nyeupe kwa mwenye printa.

Kuna jambo moja linaloweza kugeuza hesabu hiyo. Printa za aina hii kwa kawaida ni za picha. Kama utaitumia pia kuchapa pasipoti saizi na picha za sherehe kwa wateja, printa inalipiwa na kazi mbili, na miezi 25 inaweza kuwa kumi.

Gharama zilizojificha ni hizi. Wino wa kichwa cha printa hukauka ukiacha wiki kadhaa bila kuchapa, na kila ukiamuru kisafishwe, kinatema wino ambao hukuutumia kwa kazi yoyote. Wino huo unanyonywa na sponji iliyo chini ya mashine. Sponji ikijaa, printa inagoma na kuandika ujumbe, na unamhitaji fundi au kipuri. Chapa hata ukurasa mdogo wa rangi kila wiki. Na uizime kwa kitufe chake, si kwa kuchomoa waya ukutani, ili kichwa kirudi kwenye kifuniko chake na kisikauke.

Wino unaoutumia unategemea sana muundo. Uso wa diski ni takriban sehemu moja ya sita ya karatasi ya A4. Ukijaza wote rangi nyeusi au buluu iliyokolea, diski sita zinakula wino wa picha moja ya A4 kamili, na zinachukua muda mrefu kukauka. Acha weupe utawale. Majina kwa herufi nzuri, tarehe, ua dogo au msalaba pembeni, basi. Mara nyingi inapendeza kuliko picha iliyojaa nyuso zilizokatwa na tundu la katikati.

Printa iliyotumika, hasa ya kutoka nje, inavutia kwa bei. Mitego yake ni mitatu: trei imepotea, kichwa kimeziba, au umeme wake ni wa volti 120 kama wa Marekani wakati wetu ni 230. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako na achape ukurasa wa majaribio wenye rangi zote. Mistari ikikatika katika rangi moja, punguza bei au ondoka. Asipokuwa na trei, ondoka bila kupunguza.

Huenda ukakutana na mtu anayekuuzia diski na mashine za LightScribe, zinazochora maandishi kwa mwanga wa leza juu ya diski. Teknolojia hiyo ya HP ilianza kuuzwa mwaka 2005 na imeshaachwa. Inachora rangi moja tu, inachukua dakika nyingi kwa diski moja, na mchoro unafifia ukikaa kwenye mwanga. Usiweke hela yako hapo.

Ukipeleka kazi kwa mchapaji, uliza mapema maswali haya: bei ni pamoja na diski au naleta zangu? Kupanga muundo ni bure au kuna malipo? Diski ikiharibika mikononi mwako, nani analipa? La mwisho lisemwe kabla ya kazi kuanza. Mpelekee diski mbili za akiba, na umwombe achape moja kwanza uione kabla hajaendelea na zilizobaki. Kama nakala zinafika mia kadhaa, ulizia viwanda vinavyochapa kwa skrini: bei ya kila moja inashuka, lakini vina kiwango cha chini cha kuagiza, na ukiwa na nakala 80 utalipia nafasi usiyoitumia.

Kabla ya yote hayo, wapigie simu watu watano kati ya watakaopewa. Uliza kama bado wana deki. Kompyuta mpakato nyingi mpya hazina tundu la diski, na vijana wengi wanataka flashi. Nimeona kamati ikichapa DVD 100 na kubaki na 60 kabatini. Kwa wazee wenye deki sebuleni DVD bado ni zawadi, kwa hiyo chapa idadi yao, na wengine wape flashi au watumie kwa simu.

Ukichapa mwenyewe, choma diski kwanza, hakikisha inacheza, ndipo uchape uso. Ukianza na uso, alama za vidole na vumbi vinaweza kuharibu uchomaji, nawe umeshapoteza wino. Jaribu mpangilio kwenye karatasi kabla ya diski ya kwanza. Zilizochapwa zitandaze kivulini, zisigusane, kwa saa 24 kabla ya kuziweka kwenye makasha au kwenye deki. Kwa hiyo kama zinagawiwa Jumamosi jioni, mchapaji awe amemaliza kazi yako Ijumaa mchana.